Senti Kumi Kwenye Kona ya Jalada

Jalada la toleo la kwanza la Action Comics, la Juni 1938, limesomwa sana. Wengi huanzia kwenye gari la kijani lililonyanyuliwa juujuu na mtu mwenye joho jekundu, kisha hushuka hadi kwa yule jamaa wa kona ya chini kushoto anayekimbia kutoka nje ya picha huku amejishika kichwa kwa mikono miwili. Ni wachache wanaosimama kwenye namba iliyochapwa huko juu, jirani na jina la jarida: senti 10. Namba hiyo haimo katika hadithi. Superman haioni, wala yule anayekimbia hana habari nayo. Hata hivyo imechapwa kwa mashine ileile na kwenye karatasi ileile, na yeyote aliyewahi kulitazama jalada hilo ameipitisha machoni, atake asitake. Nataka kuisoma kama tunavyosoma mshororo wa shairi: ilipokaa, ukubwa wake, maneno yanayoandamana nayo, na kile inachokisitiri.

Sababu ipo. Wapenzi wa katuni za Marekani waliofikia utu uzima wana desturi ambayo imekuwa kama utanzu mdogo wa masimulizi. Wakikutana hutaja bei. Hiki kilikuwa senti kumi. Kile senti kumi na mbili. Baadaye ishirini. Kisha mtu anashusha pumzi na kusema kwamba siku hizi kijitabu cha namna hiyohiyo ni dola nne au tano. Wapenzi wa filamu za mikanda nao wana masimulizi yao ya bei, ila yamejengwa kwa namna nyingine kabisa, na nitayafikia. Tukiyasikia tunayachukulia kama malalamiko ya maisha kupanda, tunawatolea wenyewe hesabu za mfumuko wa bei, na tunadhani tumewajibu. Hatujawajibu, maana mzee wa watu alikuwa anakariri jalada.

Wahakiki wa riwaya huiruka bei, na wana haki. Bei ya riwaya nyingi hubandikwa na mwenye duka, nayo hubanduka. Katuni za Marekani zilizaliwa tofauti. Inasimuliwa kwamba mwaka 1933 M. C. Gaines, aliyekuwa akitafutia wateja kampuni ya uchapaji ya Eastern Color, alichukua vijitabu vya katuni vilivyotengenezwa vigawiwe bure kama matangazo, akavibandika vichache stika ya senti 10, akaviacha kwenye vibanda vya magazeti mwishoni mwa juma. Aliporudi havikuwepo, vimenunuliwa vyote. Huenda kisa kimetiwa chumvi kidogo, lakini chumvi yenyewe inafundisha. Kijitabu kilekile, bila stika, kilikuwa zawadi ya dukani ambayo mtoto angeitupa kesho yake. Kilipopata stika kikawa kitu cha kumilikiwa, kubadilishana na kugombaniwa. Mwaka uliofuata jarida la Famous Funnies likachapa senti 10 moja kwa moja kwenye jalada, na tangu hapo bei haikubanduka tena. Ikawa sehemu ya utunzi, kama jina la gazeti na tarehe yake.

Sasa itazame sentensi yenyewe ya mwenye kukumbuka: enzi zetu kilikuwa senti kumi. Ina wakati, na wakati huo una wenyewe. Ina namba. Zaidi ya hapo ni kimya. Hatuambiwi nani alinunua, fedha ilitoka mfukoni mwa nani, mshahara wa baba ulikuwa kiasi gani, wala kijitabu kilikuwa na kurasa ngapi. Ufupi huo ndio unaoipa nguvu. Imebanwa kama methali, nayo huenda kinywani kwa kinywa bila kuchakaa. Na ukitaka kujua ilikotoka, rudi kwenye jalada: sentensi hii inasema kile ambacho kona ya jalada ilisema, wala haiongezi hata chembe. Kona nayo ilitaja namba na kunyamaza.

Mwaka 1970 sentensi hiyo ilipata umbo la kitabu. Dick Lupoff na Don Thompson walikusanya insha za mashabiki waliokuwa watoto katika miaka ya 1930 na 1940, wakaupa mkusanyiko jina la All in Color for a Dime, jina linaloahidi rangi tele kwa sarafu moja tu. Wakati kitabu kinatoka, katuni mpya ilikuwa senti 15. Wala pengo lile la senti tano si kubwa kiasi cha kuandikiwa kitabu. Ila mwaka huohuo wa 1970 kilitoka kitabu kingine kilichoshughulika na majarida yaleyale: toleo la kwanza la mwongozo wa bei wa Robert Overstreet, unaoorodhesha katuni za kale na kiasi ambacho mkusanyaji anapaswa kuzilipia. Naviona hivi viwili kama mapacha wasiosalimiana. Kimoja kinaikumbuka sarafu, kingine kinaeleza sarafu ile imezaa nini. Mwaka 2024 nakala moja ya lile toleo la Juni 1938 iliuzwa mnadani kwa dola milioni 6. Ipo kwenye jalada lake, palepale, namba ileile: senti 10. Hakuna mwandishi wa tamthiliya angethubutu kutunga kejeli iliyo wazi namna hiyo, na huenda ndiyo maana sisi wahakiki tumeiacha ipite.

Nirudi kwenye kile kinachositirika. Bei ya senti 10 ilidumu tangu katikati ya miaka ya 1930 hadi mwishoni mwa 1961, zaidi ya robo karne. Katikati yake mlikuwa na vita kuu, uhaba wa karatasi, kupanda kwa mishahara ya wachapaji, na mashambulizi ya waliopinga katuni katika miaka ya 1950, yaliyoua kampuni kadhaa. Namba haikutikisika. Mwenye hamu ya zamani huutaja uthabiti huo kama ushahidi wa dunia iliyokuwa na adabu. Lakini fungua ndani. Action Comics ya 1938 ilikuwa na kurasa 64 bila jalada. Kufikia katikati ya miaka ya 1950 jarida la kawaida lilikuwa limebaki na 32. Piga hesabu ya ukurasa mmoja mmoja, utaona bei ilipanda maradufu kamili. Sasa linganisha na gharama za maisha: kwa takwimu za bei za walaji za Marekani, kilichonunuliwa kwa dola 1 mwaka 1938 kilihitaji dola 2 na senti kadhaa mwaka 1961. Bei zilipanda mara mbili, na kurasa zikapungua nusu. Kwa maneno mengine, katuni ilifuata mfumuko wa bei hatua kwa hatua kama bidhaa nyingine yoyote. Ila haikupandia kwenye jalada bali ilishukia tumboni.

Hapa ndipo ninapoona ufundi. Jalada lilibaki na uso uleule huku mwili ukikonda nyuma yake. Mchapishaji alikuwa na sehemu mbili za kugusa, na alijua msomaji wake anaisoma ipi. Hadithi nazo zikabadilika kwa kufuata mwili. Jarida la kurasa 64 lilikuwa kama gunia la mchanganyiko: shujaa mmoja wa mbele, mchawi, mpelelezi, mchunga ng'ombe, vichekesho vya ukurasa mmoja, hata hadithi ya maandishi matupu ambayo ilikuwepo ili jarida listahili nauli nafuu ya posta. Kurasa zilipopungua, wa pembeni walitolewa mmoja mmoja, na shujaa wa jalada akabaki peke yake. Tabia tunayoiona leo kuwa ya asili, ya jarida moja kwa shujaa mmoja na hadithi moja ndefu, kwa sehemu ni matokeo ya kulinda tarakimu mbili kwenye kona.

Kwa nini tarakimu hizo zililindwa kwa gharama kubwa hivyo? Nadhani jibu ni umbo la fedha yenyewe. Senti 10 ya Marekani ni sarafu moja. Tena ndiyo sarafu ndogo kuliko zote zinazotumika nchini humo, na wakati ule ilikuwa ya fedha halisi kwa sehemu kubwa. Mtoto aliweza kuifumbata asionekane. Ununuzi wote ulikuwa tendo moja: unafumbua kiganja, unachukua jarida. Hakuna chenji wala hesabu, na hapana haja ya kumuuliza mkubwa. Jarida lilipopanda hadi senti 12, toleo la kwanza la Fantastic Four la Novemba 1961 likiwa miongoni mwa yale ya mwisho kuuzwa kwa senti 10, nyongeza ilikuwa senti mbili tu, lakini tendo lilivunjika vipande vitatu: sarafu moja ya kumi, pamoja na mbili za moja moja. Mtoto aliyefika na sarafu yake iliyozoeleka aligundua kwamba haitoshi. Kisha ikaja 15, ambayo ni sarafu mbili. Ikaja 20, nazo ni mbili. Katikati ya miaka ya 1970 ikafika 25, na kwa muda mfupi utimilifu ukarudi, kwani robo dola nayo ni sarafu moja. Baadaye 30, 35, 40, 50, 60, 75, hadi mwishoni mwa miaka ya 1980 dola nzima ikawa bei ya kawaida na kijitabu kikaingia katika ulimwengu wa noti, yaani ulimwengu wa wakubwa.

Msomaji wa Kenya au Tanzania aliyekua wakati thumni ilikuwa bado fedha hahitaji maelezo marefu hapa. Wapo wanaoitamka thumni kana kwamba wana peremende mdomoni. Kinachotamaniwa ni kitu cha mviringo, chenye uzito na baridi yake, kilichompa mtoto mamlaka ya kununua peke yake. Ukimwambia mtu huyo kwamba thumni ya wakati ule ni sawa na shilingi kadhaa za leo, umemjibu swali ambalo hakuuliza.

Ningeweza kuishia hapo, na ingekuwa hoja nadhifu: mwenye hamu anasoma nusu ya jalada na kusahau kurasa. Lakini kisa cha 1971 kinanizuia. Mwaka huo kampuni mbili kubwa, DC na Marvel, zilipandisha bei kutoka senti 15 hadi 25 na kuongeza kurasa hadi 48. Marvel ilikaa hapo mwezi mmoja tu kwa majarida yake mengi, kisha ikashuka: senti 20, kurasa 32, na faida nono zaidi kwa wauzaji. DC ilibaki kwenye 25 kwa karibu mwaka mzima. Jalada lake lilipiga kelele kuhusu wingi wa kurasa, lilihesabu hata zile nne za jalada ili zifike 52, na likamwonya mnunuzi asikubali kupunjwa. Hesabu ilikuwa upande wa DC. Ukurasa wake mmoja uligharimu zaidi kidogo ya nusu senti, wa Marvel zaidi ya senti sita kwa kila kurasa kumi. Aliyetaka kurasa nyingi kwa fedha yake alijua achukue lipi.

Wasomaji walichukua la Marvel. Haukupita muda Marvel ikaipita DC kwa mauzo, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Wauzaji kupewa faida kubwa kulichangia, hilo halina ubishi. Ila pale kibandani, macho ya mtoto yalikutana na 20 kando ya 25, na maelezo yote ya DC yalikuwa maneno mengi dhidi ya tarakimu moja. Kuna jambo jingine linalonifurahisha zaidi. Zile kurasa za nyongeza za DC zilijazwa hasa na hadithi za zamani zilizochapwa upya. Kampuni ilikuwa ikiwauzia watoto hamu ya zamani, na watoto, kwa kuwa hawakuwa na zamani ya kuitamani, wakaikataa.

Kwa hiyo mzee anayetaja bei bila kutaja kurasa hajasahau kitu. Anasoma leo kama alivyosoma siku ile. Jalada lilimfundisha kuangalia kona, naye amekuwa mwanafunzi mwaminifu.

Halafu kuna maneno mawili madogo ambayo Marvel iliyachapa juu ya bei mwishoni mwa miaka ya 1970, yenye maana ya kwamba jarida bado ni senti 35 tu. Siachi kuyashangaa. Namba tupu inasema bei ya leo. Ukiizungushia bado na tu, umeingiza nyakati tatu kwenye nafasi isiyozidi ukucha: jana, ilipokuwa hivyohivyo, leo, inapoendelea, na kesho, ambayo haitakuwa hivyo, maana hakuna anayesema bado kuhusu kitu kisichotarajiwa kuisha. Msomaji wa 1978 alikabidhiwa bei ikiwa tayari imeombolezwa. Na wakati jalada linatamba namna hiyo, ndani hadithi ilikuwa imepungua hadi kurasa 17, zilizobaki zikiwa matangazo, barua na mengineyo. Kisha bei ilipofika 40, maneno yaleyale yalibaki palepale: bado ni senti 40 tu. Hapo bado imepoteza maana yake yote ya kamusi na kuwa pambo, kama mghani anayemsifu kila sultani kwa beti zilezile. Nikitafuta ni lini hamu ya bei za zamani ilianza, sitafuti kwenye kumbukumbu za wastaafu. Ilichapwa na mchapishaji mwenyewe, mapema, kabla bei yenyewe haijawa ya zamani.

Wakusanyaji wameipeleka hoja hii mbali kuliko mhakiki yeyote. Mwaka 1977 Marvel ilitaka kujua kama wasomaji watavumilia kupanda kutoka 30 hadi 35, ikachapa nakala chache zenye bei ya juu na kuziuza katika miji michache. Miongoni mwake lilikuwamo toleo la kwanza la Star Wars. Hadithi ni ileile, michoro ileile, wino uleule. Kinachotofautiana ni tarakimu moja. Leo nakala ya senti 35 ni miongoni mwa katuni ghali kuliko zote za muongo ule, inaiacha mbali kabisa ile ya 30. Upande wa pili wapo ndugu zake wa Uingereza: nakala zilizotoka kwenye mashine zilezile za Marekani, bei ikiwa imebadilishwa kuwa peni. Amazing Fantasy namba 15 ya Agosti 1962, ambamo Spider-Man anaonekana kwa mara ya kwanza, ilikuwa senti 12 Marekani na peni 9 kwa Waingereza. Ingawa nakala za peni ni chache, kwa miaka mingi soko limezithamini chini. Yaani mkusanyaji hulipa zaidi kwa aliyetozwa zaidi, kisha hulipa kidogo kwa nakala adimu, ilimradi namba kwenye kona haifanani na ile ya utotoni mwake. Nani bado atasema kwamba bei iko nje ya maandishi?

Mkanda wa video hauna kona hiyo. Chukua kasha la VHS la miaka ya 1980: picha ya mwigizaji mbele, muhtasari wa filamu nyuma, majina madogo yaliyosongamana chini, onyo la hakimiliki, msimbo wa mistari. Bei haimo. Ilikuwa kwenye orodha ya msambazaji, ambayo mteja wa kawaida hakuiona. Mwaka 1977 Andre Blay, mwenye kampuni ya Magnetic Video huko Michigan, alinunua haki ya kuuza filamu 50 za Twentieth Century Fox kwa mikanda, akauza mmoja kwa dola 49.95. Kwa fedha za sasa hiyo ni zaidi ya dola 250 kwa filamu ambayo pengine ilishaonyeshwa kwenye televisheni. Haikupita miaka mingi bei ya orodha ikakaa kwenye dola 80 hivi, wakati mwingine karibu 100, kwa makusudi, kwa sababu studio zilijua mnunuzi ni duka la kukodisha. Sheria ya Marekani ilimruhusu aliyenunua mkanda halali kuukodisha bila kuilipa studio tena, basi studio ikajilipa mapema.

Kwa hiyo anayekumbuka bei ya video hukumbuka bei ya kukodi, dola moja au mbili kwa usiku, na namba hiyo ina umbo tofauti na senti 10. Senti 10 inasimama peke yake. Bei ya kukodi haisimami bila kitenzi: rudisha. Rudisha kesho, kabla ya saa fulani, ukiwa umeuzungusha mkanda hadi mwanzo, la sivyo faini. Ni bei yenye masharti, inayoendelea kukua ukiwa umelala. Kampuni ya Blockbuster ilipotangaza mwaka 2005 kwamba imefuta faini za kuchelewesha, ilijisifu kwa kufuta sentensi ambayo kila mteja aliijua kwa moyo. Ajabu ni kwamba masimulizi ya hamu huiweka dola moja na kuiacha faini. Safari hii siwezi kusema kwamba mkumbukaji ni mwaminifu kwa jalada, kwa kuwa jalada halikusema kitu. Hapa kumbukumbu imetunga yenyewe, na kama watunzi wengi imekata mwisho usiopendeza.

Bei ya kuuzia ilipotokea, nayo haikuwa ya kukaririka. Paramount ilitoa Star Trek II kwa dola 39.95 mwaka 1982, nusu ya bei iliyozoeleka, na watu wakashangaa. Mwaka 1987 Top Gun ilitoka kwa dola 26.95, ikiwa na tangazo la Diet Pepsi mwanzoni mwa mkanda. Sijapata kumsikia mtu akizitamka namba hizo kwa machozi. Nukta tisini na tano ni lugha ya orodha na kadi ya benki. Haina sarafu yake, haishikiki kiganjani, na mtoto hana uwezo nayo. Lakini tangazo lile la soda linazirudisha pamoja sanaa hizi mbili. Ni zile kurasa za matangazo za katuni zikiwa zimehamia kwenye mkanda: sehemu ya bei imeondolewa kwenye kona na kupachikwa ndani ya kazi, ambako mtazamaji huilipa kwa macho.

Kwetu video ilikuja kwa mlango mwingine. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, ingawa Zanzibar ilikuwa nacho tangu miaka ya 1970, kwa hiyo kwa kaya nyingi za Bara zilizokuwa na seti, televisheni ilikuwa kioo cha deki tu. Wasio na deki walikwenda kwenye kibanda cha video, na kule hakuna aliyelipia mkanda. Alilipia nafasi kwenye benchi, na pale alipokuwepo mtu kama Lufufu wa kutafsiri na kusimulia, alilipia sauti pia. Bei yenyewe, kama iliandikwa, iliandikwa kwa chaki pamoja na majina ya filamu za siku, na ilifutwa usiku. Majarida ya katuni, Sani likiwa mbele na kina Ndumilakuwili na Lodi Lofa wake, yalichapa bei kwenye jalada kama kawaida, ila shilingi ilikuwa inakimbia: mwaka 1986 pekee ilipoteza zaidi ya nusu ya thamani yake mbele ya dola. Namba haikukaa mahali pamoja muda wa kutosha ili kizazi kizima kiikariri. Ndiyo maana, kwa masikio yangu, wapenzi wa Sani hukumbushana wahusika na vituko vyao zaidi kuliko bei. Hamu ya bei inahitaji bei iliyosimama, na kusimama huko Wamarekani walikununua kwa kurasa 32.

Kipo kitabu kimoja ambacho kinaweka bei mbili katika mwili mmoja. Mwaka 1974, katika mfululizo wa Famous First Edition, DC ilichapa upya Action Comics namba 1 nzimanzima, pamoja na matangazo yake na jalada lake lenye senti 10, katika umbo kubwa la karibu sentimita 25 kwa 34. Juu ya jalada hilo iliweka jalada jingine gumu lenye jina la mfululizo na bei halisi, dola 1. Dola moja nje, senti kumi ndani. Haikuchukua muda wajanja wakagundua kwamba jalada la nje linaweza kung'olewa, na kinachobaki kuuziwa asiyejua kama toleo halisi la 1938. Kila kitu kilikuwa mahali pake: gari la kijani, mkimbiaji aliyeshika kichwa, namba kwenye kona. Visa vilikuwa vingi kiasi kwamba mwongozo wa Overstreet uliweka onyo, na dawa iliyotolewa ni rahisi: usitazame bei, chukua rula. La 1938 lina upana wa sentimita 20 hivi, na lile la dola moja, likishang'olewa ngozi yake ya nje, karibu halina thamani yoyote.